Usiku Popi alipozaa: saa, daftari na mikono iliyotulia

Kati ya vitu vyote tulivyoviandaa kwa ajili ya uzazi wa Popi, mbwa wetu wa rangi ya hudhurungi ambaye baba yake ni wa jamii ya German Shepherd na mama yake ni mbwa wa mtaani huku kwetu Kimara, vilivyotumika kuliko vyote ni daftari la shule na saa ya ukutani. Glavu zilivaliwa, mkasi ulichemshwa, taulo zote za zamani za nyumba zililowa; lakini kila uamuzi wa maana tuliouchukua usiku ule, kuanzia kunyamaza na kutazama hadi kumpigia simu daktari wa mifugo, ulitoka kwenye daftari hilo. Naandika haya kwa ajili ya wanaofuga mbwa katika nyumba za kawaida za Dar es Salaam, zenye ukuta, geti na jirani wa karibu, ambao siku moja watajikuta na mbwa jike mwenye mimba na ushauri mwingi unaopingana.

Mimba ya mbwa huchukua takriban siku 63 tangu mayai yanapopevuka, lakini anayehesabu tangu siku jike alipopandwa anaweza kuona amezaa siku ya 57 au ya 72 na bado mambo yakawa sawa, kwa kuwa mbegu za dume hukaa hai ndani ya jike kwa siku kadhaa zikisubiri mayai ambayo nayo hayakomai siku ile ile. Popi alipandwa na dume wa mtaa wa pili kwa siku tofauti, hivyo badala ya tarehe tulikuwa na zaidi ya wiki nzima ya kungojea. Daktari alimpima kwa ultrasaundi mimba ilipokuwa na kama mwezi mmoja, akatuonyesha mioyo midogo ikidunda kwenye kioo, kisha akasema kwa tahadhari kwamba watoto ni watano au zaidi. Ultrasaundi ni kipimo kizuri cha kujua kama mimba ipo na kama watoto wako hai, ila ni dhaifu katika kuhesabu, kwa sababu mtoto mmoja humficha mwenzake. Hesabu ya kuaminika zaidi hupatikana kwa eksirei baada ya siku ya 55 hivi, mifupa inapokuwa imekwisha kukaza kiasi cha kuonekana wazi. Sisi tulibaki na ile ya ultrasaundi, na hayo maneno mawili, "au zaidi", yalitukaa kichwani hadi karibu na alfajiri.

Kuhusu chakula sina mengi. Popi hula kile wanachokula mbwa wengi wa jijini: ugali wa dona uliosongwa na dagaa, siku nyingine vichwa vya samaki au mabaki ya buchani. Katika wiki tatu za mwisho tulimwongezea na kumgawia mara nne kwa siku badala ya mara mbili, kwani mfuko wa uzazi ukijaa huubana mfuko wa chakula na mbwa hushindwa kumaliza mlo mkubwa. Ushauri mmoja tuliukataa, ingawa ulitolewa na watu wanaotutakia mema: kumpa mbwa mwenye mimba dawa za kalsiamu ili maziwa yawe mengi. Mwili wa mbwa una utaratibu wake wa kuchota kalsiamu kutoka kwenye mifupa wakati wa kunyonyesha, na ukimlisha kalsiamu ya ziada wakati wa mimba utaratibu huo hulegea; watoto wanapoanza kunyonya kwa nguvu, kalsiamu iliyomo kwenye damu hushuka na mwili hauna namna ya kuifidia kwa haraka. Matokeo yake ni ugonjwa unaofanana na ule ambao wafugaji wa ng'ombe wanauita homa ya maziwa. Nitaurudia, kwa sababu unaua.

Mahali pa kuzalia palitusumbua kuliko chakula. Wazo la kwanza lilikuwa baraza la nyuma, ambako Popi hulala kila siku, lakini baraza lina maadui wawili. Wa kwanza ni kunguru, wale wenye shingo ya kijivu walioletwa Zanzibar kutoka Asia mwishoni mwa karne ya 19 na ambao leo wametawala miti na majalala yote ya Dar es Salaam. Ndege anayenyakua kifaranga mchana kweupe mbele ya mama yake, mimi sitamwamini karibu na kitoto cha mbwa kisichoona wala kusikia. Wa pili ni sisimizi, ambao harufu ya damu na ya kondo la nyuma huwatoa katika kila ufa wa ukuta, na ambao humng'ata mtoto asiyeweza kusogea. Tukahamia stoo. Fundi wa mtaani alitutengenezea boksi la mbao lenye miguu mifupi, na miguu hiyo tukaisimamisha ndani ya makopo yenye maji ili sisimizi wasipande. Upande mmoja uliachwa chini kiasi cha mama kuingia bila kuruka. Ndani, kuzunguka pande zote, alipigilia ubao mwembamba, sentimita 10 hivi kutoka sakafuni, ili mama akijilaza na kuegemea ukuta wa boksi ubaki upenyo ambao mtoto aliyebanwa anaweza kujiponyea. Watoto wengi wa mbwa hufa kwa kulaliwa na mama zao, wala si kwa ugonjwa. Tulitandika magazeti, na juu yake vipande vya mashuka na khanga zilizochakaa, tukakagua visiwe na nyuzi zinazochomoza, kwani uzi unaweza kumkaba mtoto au kumfunga mguu hadi damu isipite.

Popi mwenyewe alikuwa na mpango mwingine. Alichimba shimo nyuma ya tangi la maji, akalitazama boksi letu kwa dharau, akarudi shimoni. Tukawa tunamlishia ndani ya boksi na kukaa naye humo jioni, na shimo tukalifukia. Akalichimba upya. Mwisho geti dogo la kuelekea nyuma lilifungwa kwa kufuli, na baada ya kulalamika siku nzima akakubali stoo.

Dalili zinazotajwa na kila mtu, yaani kuhema, kuhangaika na kukataa chakula, zina kasoro katika jiji hili: hapa mbwa huhema tangu Novemba hadi Machi bila mimba yoyote, na joto la saa nane mchana humfanya hata dume aisuse sahani yake. Kipimajoto hakina utata huo. Joto la kawaida la mbwa, likipimwa kwa njia ya haja kubwa, ni kati ya nyuzi 38 na 39.2 za Selsiasi, na ndani ya saa 24 hivi kabla ya kuzaa kwa kawaida hushuka chini ya nyuzi 37.2, kwa sababu homoni ya projesteroni, inayoutuliza mfuko wa uzazi ili mimba isitoke, huporomoka. Nilinunua kipimajoto cha kidijiti katika duka la dawa, nikawa nakipaka mafuta ya mgando na kumpima Popi asubuhi na jioni katika wiki ya mwisho. Kupima mara moja kwa siku hakutoshi, maana joto linaweza kushuka na kuanza kupanda tena kabla hujarudi na kipimajoto chako. Daftari lilijaa 38.3, 38.1, 38.4, kisha Jumamosi moja ya mwishoni mwa Aprili, asubuhi, likasoma 36.9.

Kabla ya jambo jingine lolote nilipiga simu mbili. Ya kwanza ilikuwa kwa daktari, si kumwita, bali kumwuliza kama usiku huo atakuwa anapatikana, na kama hatapatikana ni nani atakayepatikana badala yake. Ya pili ilikuwa kwa dereva wa bajaji anayetufahamu, kumwomba akubali kumpakia mbwa hata kama ni usiku wa manane. Hili si jambo dogo. Madereva wengi hukataa mbwa, wengine kwa hofu, wengine kwa kuchelea uchafu, wengine kwa sababu za dini ambazo lazima ziheshimiwe. Na mtu anayeanza kutafuta usafiri saa tisa usiku, huku mvua za masika zimeigeuza barabara ya mtaa kuwa tope, kwa kweli hana usafiri.

Kisha nikaenda kwa jirani. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni mama Mwislamu aliyefanya kazi ya ukunga hadi alipostaafu. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, mate na majimaji ya mbwa ni najisi nzito ambayo huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo, kwa hiyo hatukumwomba wala hatukutarajia avuke geti. Nilikwenda kumtaarifu tu kwamba huenda usiku kukawa na kelele. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akauliza mwenyewe kama huo ni uzao wake wa kwanza. Nikamwambia ndiyo.

"Basi mwanangu, kaa naye lakini usimkalie," akasema. "Mzazi akitazamwa sana, uchungu unakimbia."

Aliyasema kwa uzoefu wa wodini, na yana msingi kwa mbwa pia. Mbwa mwenye hofu hutoa homoni ya adrenalini, na adrenalini huituliza misuli ya mfuko wa uzazi isibane. Ndiyo maana tuliamua kwamba ndani ya stoo wataingia watu wawili tu: mimi na mdogo wangu wa kiume, aliyekuja kutoka Tabata mahsusi kwa kazi hiyo. Watoto wa nyumbani waliahidiwa kuona asubuhi, wakanuna, wakalala.

Hatua ya kwanza ya uchungu haionekani sana kwa nje. Mlango wa mfuko wa uzazi hufunguka taratibu kwa muda wa saa 6 hadi 12, na kwa mbwa anayezaa mara ya kwanza unaweza kufika hata saa 24. Mchana kutwa Popi alichanachana magazeti, akatetemeka, akatapika dagaa wa asubuhi, akaingia na kutoka. Hakuna cha kumsaidia hapo zaidi ya maji ya kunywa na utulivu. Kulipoingia giza mvua kubwa ilianza, na umeme ukakatika. Tochi zilikuwa zimechajiwa. Feni ilisimama, na hilo halikutusikitisha, kwa kuwa mtoto anayezaliwa amelowa chapachapa hapaswi kupigwa na upepo hata kama wewe unatiririka jasho.

Hatua ya pili huanza mbwa anapoanza kusukuma, tumbo likikaza na kulegea kwa namna inayoonekana wazi, na kuanzia hapo saa ina kazi. Mipaka tuliyopewa na daktari tuliiandika kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa. Akisukuma kwa nguvu mfululizo kwa dakika 30 bila mtoto kutokea, tupige simu. Zikipita saa mbili tangu mtoto wa mwisho huku tukiamini wengine wamo, tupige simu. Majimaji ya kijani iliyokolea yakitoka kabla ya mtoto yeyote kuzaliwa, tupige simu tukiwa tayari kwenye bajaji. Rangi hiyo ya kijani hutoka kwenye kingo za kondo la nyuma. Ikionekana baada ya mtoto wa kwanza ni jambo la kawaida, lakini ikitangulia maana yake ni kwamba kondo limeanza kubanduka wakati mtoto bado yuko ndani, na mtoto huyo anaishiwa hewa. Pumziko lenyewe si ugonjwa. Mbwa anaweza kutulia saa nzima au zaidi, akasinzia, akawanyonyesha waliokwisha kuzaliwa, kisha akaendelea.

Mtoto wa kwanza alitoka saa 4:20 usiku, kwa miguu ya nyuma. "Dada, amegeuka!" mdogo wangu akasema, na sauti yake ikamfanya Popi ainue kichwa. Kwa binadamu mtoto anayetanguliza miguu huleta wasiwasi wa haki. Kwa mbwa, karibu watoto wanne kati ya kumi huja hivyo na hutoka salama, kwa sababu kichwa chao si kikubwa sana kikilinganishwa na mwili. Kinachotia hofu ni matako kutangulia huku miguu imekunjwa kuelekea mbele, au kichwa kugeukia ubavuni. Mtoto akikwama nusu nje, hushikwa kwa kitambaa safi na kuvutwa taratibu kwa kuelekea chini, upande wa miguu ya mama, na ni pale tu mama anaposukuma. Hakuna kuvuta wakati amepumzika, na hakuna kabisa kuvuta mguu mmoja. Hatukulazimika kufanya hivyo. Popi aligeuka, akaupasua utando kwa meno, akakata kitovu, akamlamba mwanawe kwa nguvu ambazo ukizitazama unadhani atamwumiza, hadi kile kiumbe kikalia. Sisi tuliandika: 1, saa 4:20, dume, kondo limetoka 4:32.

Kondo tuliyahesabu moja moja, kwani kila mtoto ana lake na linalobaki ndani linaweza kuoza. Popi alikula mawili. Ni silika ya mbwa kufanya hivyo na hakuna ubaya, ila yakizidi humwendesha, kwa hiyo mengine tuliyaondoa na kuyaweka ndani ya ndoo yenye mfuniko, kwa heshima ya sisimizi.

Wa pili alikuja saa 4:55. Wa tatu alikuja saa 5:35, Popi akiwa bado anamshughulikia wa pili, na akabaki ndani ya utando wake mzima bila mama kugeuka. Hapo ndipo mikono ilipohitajika. Mtoto akiwa ndani ya utando hana hewa, na huna zaidi ya dakika moja au mbili za kumsubiri mama. Niliupasua utando upande wa pua, nikafuta uso, nikaufunga uzi uliochemshwa kwenye kitovu kiasi cha sentimita mbili kutoka tumboni, nikakata upande wa pili wa fundo na kupaka dawa ya iodini.

"Huyu hapumui, Dada."

Nilimshika kichwa kikielekea chini kidogo, shingo imeshikiliwa, nikavuta ute wa puani na mdomoni kwa kile kipira kinachotumika kuwavuta watoto wachanga kamasi, kisha nikamsugua mgongoni na kifuani kwa taulo kavu bila kumwonea huruma. Kuna wanaofundisha kwamba mtoto wa namna hiyo arushwe kwa kuzungushwa hewani ili maji yatoke. Madaktari wa mifugo wameiacha njia hiyo, kwa sababu mtikisiko huo unaweza kuvujisha damu ndani ya ubongo, na mtoto aliyelowa huteleza mkononi. Kusugua kunatosha, mradi usikate tamaa mapema: mtoto ambaye moyo wake bado unadunda anastahili dakika nyingi za taulo. Daftari linasema alilia saa 5:39. Ni jike, mweupe kifuani, na mpaka leo ndiye mkorofi kuliko wenzake.

Wa nne na wa tano walizaliwa saa 6:10 na saa 7:05 bila kisa. Popi akanywa maji, akajilaza, watoto wote wakashika chuchu. Tumbo lake lilikuwa limenywea lakini halikuwa tupu, au ndivyo tulivyodhani, kwa maana kulibonyeza tumbo la mbwa aliyetoka kuzaa na kujua kilichomo ni ujuzi ambao sisi hatuna. Ilipofika saa 8:40 akaanza kusukuma tena, kwa unyonge, mara moja kila baada ya muda mrefu. Saa 9:05, saa mbili kamili tangu mtoto wa tano, nilimpigia daktari.

"Daktari, samahani kwa kukusumbua usiku."

Hakuniuliza mbwa anaendeleaje. Aliuliza mtoto wa mwisho alitoka saa ngapi, anasukuma kwa nguvu au kwa unyonge tangu saa ngapi, na kondo ni mangapi. Nilisoma majibu kutoka kwenye daftari: saa 7:05, kwa unyonge tangu 8:40, kondo manne kwa watoto watano. Kwa majibu hayo akaweza kutoa maelekezo bila kubahatisha: tumtoe nje kwa kamba atembee kama dakika kumi, akojoe, kisha tumrudishe na kuwaweka watoto wote kwenye chuchu, kwa kuwa kunyonya humfanya mama atoe homoni ya oksitosini yake mwenyewe na kuurudishia mfuko wa uzazi nguvu; ikifika saa kumi bila mabadiliko, au akianza kusukuma kwa nguvu bila kitu, tumpeleke.

Niseme neno kuhusu oksitosini ya sindano, kwa kuwa imekuwa mazoea kwa baadhi ya wafugaji kuinunua na kumchoma mbwa mara tu anapochelewa. Dawa hiyo huulazimisha mfuko wa uzazi kubana. Kama mtoto amekaa vibaya au ni mkubwa kuliko njia, mfuko unabana dhidi ya mlango uliozibwa, na unaweza kupasuka. Hata usipopasuka, mikazo mikali hubandua kondo za waliobaki na kuwaua. Dozi ya mbwa nayo ni ndogo kuliko wengi wanavyofikiri. Mwenye haki ya kuitumia ni aliyekwisha kumpima mbwa na kujua njia iko wazi, na anayeweza kumpasua ikishindikana.

Tulitoka uani na Popi kwenye manyunyu, mdogo wangu akimulika sehemu ya nyuma kwa tochi na mimi nikiwa na taulo, maana mbwa anaweza kumwangusha mtoto majanini akidhani anakwenda haja. Alikojoa, akajikung'uta, akavuta kamba kuelekea tangi la maji. Tukamrudisha. Saa 9:35 alisukuma kwa nguvu mara tatu, nne, na mtoto wa sita akatoka: dume, mkubwa kuliko wote, amekufa. Tulimsugua hata hivyo. Moyo haukuwapo. Kondo mawili yakafuata pamoja, hesabu ikakamilika. Tulimwachia Popi amnuse na kumlamba, na alipogeukia walio hai tukamwondoa taratibu. Mtoto mmoja kufa katika uzao si jambo la ajabu, na anayesubiri mwisho katika uchungu mrefu ndiye anayekuwa hatarini zaidi.

Daktari alifika asubuhi, akampapasa Popi tumbo, akasema limeisha. Akamfungua kila mtoto mdomo na kutazama kaakaa la juu kama lina mwanya, kwa sababu mwenye mwanya hushindwa kunyonya na maziwa hupitia puani hadi mapafuni. Wote walikuwa wazima. Alisisitiza kwamba kila mmoja awe amenyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, ndani ya saa 24 za mwanzo, na bora zaidi ndani ya zile 12 za kwanza, kwani kinga anayoitoa mama hupita kwenye utumbo wa mtoto kwa muda huo mfupi tu, kisha mlango unafungwa.

Katika wiki ya kwanza mtoto wa mbwa hajui kutetemeka ili apate joto, na anahitaji mazingira ya nyuzi 29 hadi 32. Mchana wa Dar es Salaam humpa hilo bure. Usiku wa masika haumpi. Tulijaza chupa ya maji ya moto, tukaiviringisha khanga na kuiweka kona moja ya boksi, ili anayetaka joto aisogelee na aliyetosheka aondoke. Jiko la mkaa lisiingizwe kabisa katika chumba cha namna hiyo, maana hewa yake ya sumu humwua mama, watoto na hata mtu anayewalinda. Watoto wakilundikana na kulia wanaona baridi; wakitawanyika kila mmoja upande wake wanaona joto, na hapo hata mama hulihama boksi. Aliyepoa hapewi maziwa kabla ya kupashwa joto, kwa sababu tumbo lake halisagi. Maziwa ya ng'ombe peke yake hayamfai, kwa kuwa yana mafuta na protini pungufu sana kuliko ya mbwa.

Tuliwapima kila asubuhi kwa mizani ya jikoni, kila mmoja akitambulika kwa rangi ya kucha iliyopakwa kwenye ukucha mmoja, kazi ambayo watoto wa nyumbani waliigombania. Uzito unatakiwa kupanda kila siku na kufikia mara mbili ya ule wa kuzaliwa kati ya siku ya 7 na ya 10. Mmoja alisimama mahali pamoja, tukawa tunamweka kwenye chuchu za nyuma, ambazo huwa na maziwa mengi, huku tukiwasogeza kando wenzake wenye nguvu, naye akawafikia.

Kwa mama, macho yalikuwa kwenye mambo matatu. Majimaji ya ukeni yanaweza kuendelea hadi wiki tatu, yakififia toka kijani hadi wekundu wa tofali. Yakinuka vibaya, na mama akawa na homa na kuwakataa watoto, mfuko wa uzazi umeoza. Titi likiwa gumu, la moto na lenye maumivu, lina uvimbe wa maambukizi na linahitaji dawa. La tatu ni ile homa ya maziwa, ambayo mara nyingi hutokea kati ya wiki ya pili na ya nne, hasa kwa mbwa wadogo wenye watoto wengi: mbwa huhangaika, huhema kupita kiasi, hutembea kama aliyekaza magoti, kisha misuli hutetemeka na kifafa hufuata. Hapo watoto huondolewa kwenye chuchu na mama hukimbizwa kwa daktari siku hiyo hiyo, akapewe kalsiamu kwa mshipa, polepole, na mtu anayeusikiliza moyo wake. Popi hakupatwa na lolote kati ya hayo matatu, ingawa siku moja ya jua kali alihema mpaka nikaanza kuchungulia miguu yake kila dakika.

Macho ya watoto yalifunguka katika wiki ya pili, na wiki hiyo hiyo tukaanza dawa ya minyoo, kwa sababu minyoo ya mviringo hupita kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wakiwa bado tumboni na tena kupitia maziwa. Dawa hurudiwa kila baada ya wiki mbili, na mama hupewa pamoja nao. Minyoo hiyo humdhuru binadamu pia, hasa mtoto anayetia vidole mdomoni baada ya kucheza na mbwa, kwa hiyo sabuni iliwekwa mlangoni mwa stoo. Chanjo za magonjwa ya watoto wa mbwa huanza kati ya wiki ya sita na ya nane, na ya kichaa cha mbwa hutolewa wakifikisha miezi mitatu. Anayechukua mtoto kwetu tunamwandikia tarehe hizo kwenye karatasi na kumwelekeza kwa afisa mifugo wa kata.

Wanaoomba ni wengi, karibu wote wanataka madume ya ulinzi, na karibu wote wanataka leo. Hatumtoi yeyote kabla ya wiki nane, kwa sababu anayeondoka mapema hukosa mafunzo ya mama na ya ndugu zake kuhusu kung'ata kwa kiasi, na mtaa ndio unaokuja kulipa. Popi naye atafungwa kizazi. Daktari anataka tusubiri wiki chache baada ya watoto kuacha kunyonya, hadi maziwa yakauke, kwani kupasua mahali penye matiti yaliyojaa ni kazi ngumu na kidonda huchelewa kupona, hivyo tumekubaliana iwe Agosti, mvua zikiwa zimekwisha na joto kali halijaanza.